Mashine Imechonga, Sifa Nimepokea Mimi

Mama Nasambu, mshauri wetu wa kila Jumamosi, nakusalimu kutoka Kitale. Nimesoma majibu yako kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwacheka wanaokuandikia, na leo ni zamu yangu kukulilia unisaidie, kwa hivyo ukitaka kunicheka nawe nicheke, mradi unijibu. Jina langu usilifiche, huku tuko akina Kemboi wengi.

Mimi ni fundi seremala, nina miaka hamsini na tisa, na kwa miaka thelathini na minne nimechonga milango kwa patasi na nyundo, maua, mizabibu, nyota, chochote mtu alichotaka, mpaka mwaka juzi vidole vya mkono wa kulia vilipoanza kufa ganzi, kwanza asubuhi tu, halafu mchana kutwa, na daktari akaniambia kuna mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono na nikiendelea kugonga nyundo nitaupoteza mkono kabisa, nami nikarudi karakana nikakaa kwenye benchi nikizitazama patasi zangu zilivyopangwa ukutani, nikajihisi kama mtu aliyefika kwake akakuta kufuli imebadilishwa.

Ndipo Umesh, ambaye ana duka la fanicha kule Bungoma na ambaye nimemuuzia milango tangu sote tukiwa na nywele nyeusi, akaniambia amenunua ile mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, vijana wanaiita CNC, na binti yake Neelam anatafuta mtu anayejua ua la mbao linatakiwa kukaa vipi, kwa sababu yeye kompyuta anaijua lakini maua yake yanatoka kama yamepigwa pasi. Nikaenda. Sikuwa nimewahi kushika kompyuta, Mama Nasambu. Siku ya kwanza nilikiinua kile kipanya juu hewani nikidhani ndivyo kinavyofuata mkono, na Neelam hakucheka, alisema tu, "Uncle, kiweke mezani, ukisukume polepole, si kama unapiga msasa." Kwa wiki tatu nilichora mistari iliyopinda kama njia ya ng'ombe. Halafu siku moja nikashika kidoti kimoja kwenye mstari, nikakivuta, na mstari wote ukageuka ukawa jani, jani la kweli lenye mgongo na ncha, nami nikabaki nikilitazama huku machozi yananitoka, na Neelam akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Tangu siku hiyo ninaishi kama nusu yangu iko mahali pengine. Kwenye skrini mbao haina uzito, unaigeuza kwa kidole, unaingia ndani yake, mwanga unaipitia kutoka kando na unaona kila bonde dogo kati ya jani na jani. Juzi nilienda Moi's Bridge kununua mbegu za mahindi, nikasimama darajani nikiutazama mto Nzoia unavyopinda, nikahesabu ningehitaji vidoti vingapi kuuchora ule mpindo, nikahesabu tena, watu wakinipita, mpaka mwenye bodaboda mmoja akapunguza mwendo akaniuliza, "Mzee, si uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, na kweli nilikuwa sawa kuliko siku nyingi za maisha yangu.

Sasa shida yenyewe. Kuna mama wa Bungoma, Mama Sharifo, mjane wa Mzee Abdisalam aliyekuwa akiuza vitambaa. Huyo mzee alikuwa akija Kitale kila Jumatano kwa shughuli zake, na akimaliza anapita karakana kwangu, anakaa kwenye benchi na chai yake, ananitazama nikichonga, hasemi kitu, ati hayo ndiyo yalikuwa mapumziko yake. Alifariki mwaka jana. Mama Sharifo akaja kwangu akasema anataka kutoa mlango wa chumba cha akina mama msikitini, kwa kumkumbuka mumewe, akaniambia, "Fundi, nataka mikono yako. Si ya mtu mwingine." Nikasema sawa, mama. Nilijaribu kwa mkono, nakuapia, nilichukua ubao wa mvule nikaanza, patasi ikateleza kwenye ua la kwanza na kulipasua katikati. Basi nikaenda kwa Neelam. Miezi miwili nilichora mlango ule kwenye kompyuta, kila jani nililipinda mimi, hakuna hata moja nililonakili, na siku kisu cha mashine kiliposhuka na kuanza kukata nilisimama kando nikaona vumbi la mvule likiruka na ua likitokea polepole, kama kitu kinachopanda kutoka ndani ya maji. Nikamalizia kwa msasa na mafuta.

Siku ya kuukabidhi pale msikitini, Mama Sharifo alipitisha vidole juu ya majani mbele ya watu wote, akasema, "Mnaona mikono ya huyu mtu? Hapa naisikia patasi yake kabisa. Abdisalam angejua ni yeye hata akiwa amefunga macho." Watu wakanigeukia. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikanyamaza.

Sasa ameagiza rehali, kile kibao cha kukunja cha kuwekea Msahafu, cha nyumbani kwake, na anasema Jumatano ya wiki ijayo atakuja Kitale mwenyewe akae kwenye benchi alilokuwa akikaa mumewe, anitazame nikichonga. Mke wangu anasema nimwambie ukweli. Fundi mwenzangu Noah anasema, "Wewe bana, kwani nani atajua? Mwambie mkono imeanza kuuma juzi tu, mimi nichonge, wewe ukae hapo kando." Nimekaribia kumkubalia. Na kuna jambo moja sijamwambia hata mke wangu, kwamba mkono huu ukipona leo, sidhani nitarudi kwa patasi, na naona haya kama mtu aliyemtoroka mzee aliyemlea. Niambie, Mama Nasambu, mlango ule ni wangu au ni wa mashine? Na nikimwambia huyu mama, si nitakuwa nimemnyang'anya mumewe mara ya pili?

Kemboi, Kitale.

*Mama Nasambu anajibu:*

Fundi Kemboi, jibu hili nakutumia kwa simu leo, na halitachapishwa mpaka uniambie umefanya nitakachokuagiza. Sitaki mama wa watu asome siri yako kwenye gazeti alilofungiwa nyanya sokoni.

Pole kwa mkono. Na hongera kwa yale majani, maana ulivyoyaeleza nimetamani nami nikae hapo mbele ya skrini nivute kidoti kimoja. Mtu wa miaka hamsini na tisa anayetokwa na machozi kwa sababu amejifunza kitu hana haja ya kumwomba yeyote msamaha, wala patasi hazina kinyongo na wewe. Umeuliza mlango ni wa nani. Ni wako. Mashine haikumjua Mzee Abdisalam, wewe ulimjua. Hilo limekwisha, usiniulize tena.

Sasa nikugombeze. Ulipoinamisha kichwa pale msikitini ulijua unachofanya. Mama alikuomba mikono yako, ukampa macho yako na akili yako, ambavyo huenda vina thamani zaidi, lakini hukumpa nafasi ya kuchagua. Halafu unajificha nyuma ya huruma, ati utamnyang'anya mumewe. Ameishi na mumewe miaka yote hiyo, Fundi, kumbukumbu yake haikai kwenye patasi yako. Unachoogopa kupoteza ni zile sifa. Kila mtu angeogopa, lakini kiite kitu kwa jina lake. Na huyo Noah asikuponze. Uongo wako wa kwanza ulikuwa kimya tu. Wa pili utakuwa na maneno, na itabidi uyakumbuke yote kila ukikutana na huyo mama njiani.

Usingoje Jumatano. Nenda Bungoma wiki hii hii, uende na mke wako, ufike nyumbani kwake, usitume ujumbe wa simu. Mwambie kabla hujaigusa chai yake: "Mama, mlango niliuchora mimi, lakini ulichongwa na mashine kwa sababu mkono wangu unaumwa, na uliponisifu nilinyamaza." Kisha ukae kimya. Habari za vidoti usimweleze mpaka aulize. Usilie, asije akaanza kukubembeleza wewe. Akitaka mlango ung'olewe, ung'oe mwenyewe. Akikasirika, ana haki, na usiharakishe hasira yake iishe.

Ukitoka hapo, rudi kwa daktari, maana katika barua yote umeniambia alichokisema, hujaniambia umetibiwa. Na nje ya karakana weka kibao cha herufi kubwa: unachora, mashine inachonga, unamalizia kwa mkono. Anayetaka kazi ya patasi tupu mwelekeze kwa Noah, apate kazi ya halali.

*Wiki mbili baadaye Fundi Kemboi aliniandikia tena, na ameniruhusu niyaweke maneno yake hapa:*

Mama Nasambu, nilienda. Nilisema kabla ya chai. Mama Sharifo aliweka birika chini kabla hajamimina, na mke wangu akanishika mkono. Halafu akasema, "Ulisimama pale, Fundi, ukaniacha niongee." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mlango utakaa. Lakini akina mama utawaambia wewe, si mimi." Niliwaambia Ijumaa ile, nimesimama nje ya chumba chao jasho likinitoka, wakanisikiliza, wakaingia ndani. Jumatano hakuja Kitale. Nilikuwa nimefagia karakana bure.

Lakini jana nikiwa kwa Umesh, nimeanza kuichora ile rehali aliyoniagiza Mama Sharifo, niliinua macho nikamwona mwenyewe amesimama mlangoni. Neelam akamletea kiti. Alikaa nyuma yangu muda mrefu bila kusema kitu, mimi nikivuta kidoti, jani likifunguka, nikivuta kingine, jani likilala. Nilisahau kwamba yupo. Mwishowe nikasikia kiti kinasogea, kidole chake kikapita begani kwangu mpaka kwenye skrini, akasema, "Sijakusamehe bado. Lakini hilo jani lipeleke kushoto kidogo, linamziba mwenzake."

Nikalipeleka.