Ndege Wanaopenda Tango

Mkuza, Kibaha

Baba Agape,

Hujambo huko kazini Kisarawe? Sisi wazima, ila wale kasuku wadogo uliosema umewanunua Maili Moja wanapiga kelele kutwa. Nimewapa ulezi, mchicha, hata karoti. Wanamwaga chini, halafu wananing'ata vidole.

Jana alipita Recho wa ofisini kwenu, eti kunisalimia. Alipowasemesha tu, wakanyamaza, wakamwinamishia vichwa awakune.

"Dada, wape tango," akaniambia. "Hawa wamezoea tango."

Sikumuuliza wamelizoea nyumbani kwa nani. Nilimfungia tundu kwa kanga yangu, akaondoka nalo.

Jumamosi usisumbuke kuja. Mashati yako pia nimempa.

Mimi, niliyebaki na ulezi,
Mama Agape