Marufuku Kugeuka Nyuma

Wilbrodi, uko hewani? Mwanangu, nimeumia tena. Na mechi ilikuwa hata haijaanza!

Enka ileile ya mguu. Dokta wa timu alinichoma sindano ya ganzi kwenye basi, akasema, "Utacheza mpaka mwisho." Na mimi nikamdanganya kocha kwamba niko fiti.

Tumefika uwanjani hapa Bagamoyo, wazee wa kamati wakasema wenyeji wamemwaga dawa ya mganga getini, turuke ukuta. Turuke ukuta, Wilbrodi! Mguu umekufa ganzi, sisikii hata ninapokanyaga!

Nikaruka. Nikasikia "ka!" Maumivu hakuna, mlio tu. Nikaenda chini.

Nikaita, "Jamani, nimeumia!" Hakuna aliyegeuka. Hata Tarcis, ninayelala naye chumba kimoja kambini, hakugeuka. Si tulionywa? Ukishatua ndani usitazame nyuma, dawa yetu itaharibika.

Nimeona migongo tu, kaka. Timu nzima, migongo.

Sasa niko peke yangu chini ya ukuta, ganzi inaanza kuisha. Wameshangilia goli sasa hivi, sijui letu au lao.

Bado uko Makurunge? Njoo na boda unichukue.

Ila wewe pita getini.