Mfuko wa Nyongo wa Mzee Mafuru

Dada Upendo, shikamoo kutoka Musoma, ambako upepo wa ziwa unanivua kilemba kila asubuhi.

Alhamisi nina mtihani wa altrasaundi, na lazima nioneshe mfuko wa nyongo kwenye skrini. Mtu akishakula unasinyaa, huuoni. Niliwaomba ndugu wa mwenyeji wangu wa kijiji cha Nyegina, Mama Nyangeta, waje hospitali nifanye mazoezi kwao, ila wasile. Wamekuja wote, wameshiba! Mama aliwawahi mlangoni na ugali wa muhogo na sato.

"Mtu hatokagi kwangu na njaa," akaniambia, "tena anakwenda hospitali!"

Nikapaka jeli tumbo baada ya tumbo. Nikaona ini, figo na ugali.

Mwisho akaingia mumewe, mzee Mafuru, amenuna. Asubuhi hagusi hata chai ya mkewe, na jioni anakula kwa kaka yake, tangu mama alipoamuru jogoo wake achinjwe kwa heshima ya mgeni, yaani mimi. Nikaweka kifaa chini ya mbavu: mfuko huo hapo, umejaa, mzuri kama parachichi! Nikapiga vigelegele peke yangu.

"Na jogoo wangu mlimpima kabla ya kumla?" akauliza.

Alhamisi mzee ndiye atakayelala kwenye kitanda cha mtihani. Wabusu watoto, na mniombee sana: mama ameshanunua jogoo mwingine wa kumbembelezea mzee, ili aanze tena kula kwake asubuhi. Nimemficha chumbani kwangu, na ameanza kuwika.

Mdogo wako akupendaye,
Neema