Mabega ya Koti la Mkwe

Montreal, 2 Desemba 1968

Mpendwa Mama,

Habari za siku nyingi? Baba hajambo? Mbwa wazima? Mimi huku mzima, nakula na kushiba, ila nyama ya sili naiota kila wiki.

Pamoja na barua hii pokeeni kifurushi. Ni koti la Baba. Nimelikata na kulishona mwenyewe mpaka kifungo cha mwisho. Ndilo lililokuwa mtihani wangu, na Bi. Lafleur amenipa alama za juu kuliko darasa zima. Ndani ni sufu nzito, juu ni kitambaa kisichopitisha upepo, rangi ya buluu iliyokolea. Kwenye pindo nimezungusha utepe mwekundu na mweupe kama ulivyonifundisha. Manyoya ya kofia ni yale ya mbwamwitu uliyonipa nilipoondoka, kwa hiyo usihofu, pumzi yake haitagandia usoni.

Makoti ya kwetu yana joto, sikatai, lakini mabega yake, Mama, utadhani mtu kavaa gunia. Haya nimeyapunguza pande zote mbili, na kwapa nimezipandisha ili koti lishike mwili. Baba ana mabega mazuri, ya nini kuyaficha? Akilivaa atawapita wanaume wote wa Pangnirtung. Lakini niambieni ukweli. Kama kuna kasoro, semeni, ndiyo kazi niliyokuja kusomea.

Jambo moja dogo. Usiandike tena juu ya bahasha "Kwa Mama yangu Aluki". Najua nimebeba jina la bibi, mama yako aliyefariki, na kwa hiyo kwa desturi yetu kwako mimi ni mama yako na kwa Baba ni mkwe wake. Lakini Denise, tunayelala naye chumba kimoja, aliisoma bahasha akawaita wenzake: "Njooni mwone, Aluki ana binti wa miaka arobaini!" Sasa kila asubuhi naulizwa wajukuu wangu wameamkaje. Niite Aluki tu.

Mwanao,
Aluki

*

Pangnirtung, 11 Januari 1969

Kwako Mama,

Bahasha nimeandika Aluki, kama ulivyotaka. Humu ndani hamna Denise. Kwa hiyo shikamoo, Mama.

Sisi wazima. Mbwa mmoja mzee amekufa, wengine wana nguvu. Baridi imeshika kweli mwaka huu na ndege inakuja inapojisikia.

Koti limefika. Baba yako Jusipi alilivaa palepale kabla sijaokota karatasi zilizolifunga. Akaenda nalo dukani, na hakuwa na cha kununua, nakwambia. Alisimama karibu na dirisha mpaka watu wote wamwone. Padluk, jirani yetu, akamwambia, "Wewe unaenda kuwinda au kuoa?" Baba yako akajibu, "Uliza mkweo anakuvisha nini, halafu uje tuzungumze."

Utepe wa pindo umenyooka, sijaona mshono ulioruka. Mabega umeyakata kwa namna ya huko. Wewe ndiye mjuzi.

Hewa ikitulia anakwenda ukingoni mwa barafu, kwenye maji ya wazi, kutafuta sili. Amesema atalivaa hilo.

Binti yako,
Meeka

*

Montreal, 27 Januari 1969

Mama,

Hamjambo? Natumaini hamjambo, na natumaini barua hii itafika kabla Baba hajaondoka. Akiwa bado yupo hapo, tafadhali soma mbele yake sasa hivi: asitoke na lile koti.

Leo nilikuwa nasubiri basi. Nimejishonea koti langu kwa kipimo kilekile, mabega madogo, kwapa juu, na watu wanalisifu barabarani. Glavu nilikuwa nimezisahau chumbani. Vidole vilipoanza kuuma nikafanya nilivyofanya tangu mtoto bila hata kufikiri, nikavuta mkono kutoka kwenye mkono wa koti ili niuweke kifuani, kwenye joto. Haukuja. Kiwiko kilikwama kwenye kwapa. Nikavuta mwingine, na huo ukakwama. Nilisimama pale nikihangaika kama mtu aliyefungwa kamba, na watu wanatazama.

Ndipo nikakumbuka yale mabega ya gunia ni ya nini. Mimi niliyezaliwa huko, niliyelala safarini mikono yangu miwili ikiwa ndani ya koti langu, nimesahau. Bi. Lafleur hawezi kujua, kwao mtu akisikia baridi anaingia dukani. Mimi nilipaswa kujua.

Hapa basi lilikuja nikapanda. Baba akiwa ukingoni mwa barafu glavu zikalowa, atapanda nini?

Mpe lile koti lake kuukuu la ngozi ya kulungu. Hili langu avae kanisani. Nijibu upesi.

Mwanao,
Aluki

*

Pangnirtung, 31 Januari 1969

Kwako Mama,

Shikamoo. Naandika mbio, ndege imetua asubuhi hii na rubani anataka kuondoka kabla upepo haujarudi. Haikuleta barua yako.

Jusipi alitoka tarehe ishirini na tano na mbwa tisa. Alisema atalala mara mbili. Usiku wa kwanza upepo ukageuka, na tangu hapo mpaka jana hatukuona hata nyumba ya Padluk iliyo hapo mbele. Leo ni siku ya sita. Wanaume walijaribu kumfuata jana wakarudishwa na theluji. Wanasema watajaribu tena.

Mama, kuna jambo nililinyamazia na linanichoma. Siku ile alipolivaa koti, aliinua mkono kuchukua kikombe na koti zima likapanda naye. Niliona palepale kwamba mikono haiwezi kuingia ndani. Kalamu ilikuwa mkononi na nilitaka kukuandikia. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kushika sindano. Mimi ni nani nimkosoe mama yangu? Nikaandika tu kwamba umeyakata kwa namna ya huko, nikatumaini utaelewa.

Hata yeye alijua. Asubuhi anafunga mbwa wa kuvuta sleji nilimwambia, "Basi chukua na lile la ngozi, uliweke juu ya sleji." Akasema, "Nibebe koti jingine kana kwamba siliamini la mkwe? Watu wakimwandikia, atajisikiaje?" Unajua alivyokuwa akikuheshimu tangu ulipokuwa hai mara ya kwanza. Hakuthubutu kukutazama usoni. Lile la ngozi liko hapa barazani, limening'inia.

Rubani ananiita.

Binti yako,
Meeka

*

Montreal, 12 Februari 1969

Mama,

Barua yako nimeipata leo. Uko salama? Baba karudi? Niandikie neno moja tu, amerudi au hajarudi.

Nimekwenda kwenye ofisi ya simu. Nimemwomba mwanamke wa pale aniunganishe na zahanati yenu. Akasema, "Dada, hiyo ni redio, si simu, na mawimbi ni mabovu. Jaribu kesho." Nitajaribu kesho.

Nigombeze. Nakuomba. Tangu nizaliwe hujawahi kunigombeza, wala Baba. Watoto wa Padluk walichapwa kwa kuharibu ngozi, mimi nikiharibu mlisema labda nimechoka. Nilidhani ni bahati yangu. Sasa naona mmeniheshimu mpaka Baba kaenda barafuni na koti baya.

Aluki

*

Montreal, 19 Februari 1969

Mama,

Leo tena mawimbi mabovu. Nilimwambia yule mwanamke, "Ulisema hivyo jana." Akasema, "Na juzi pia, dada, na nasikitika kila siku."

Darasani siwezi kukata kitambaa. Nikishika mkasi naona mabega. Denise ameacha kunitania, na hilo linaniogopesha zaidi.

Niandikie hata kama ni baya.

Aluki

*

Pangnirtung, 24 Februari 1969

Kwako Mama,

Shikamoo. Amerudi. Naliweka hilo mwanzo kwa sababu leo nimepata barua zako tatu kwa pamoja, na sitaki usome hata mstari mmoja zaidi roho ikiwa juu. Ndege haikutua hapa tangu ile ya mwezi uliopita. Kila asubuhi nilikuwa nakipanda kilima kuitazama mbingu, kwa ajili yako.

Alifika tarehe mbili, mbwa sita badala ya tisa. Barafu ilipasuka, sleji ikazama upande mmoja, na katika kuikoa glavu zake zilijaa maji. Akajenga kibanda cha theluji, akavuta mikono ndani. Ikakataa. Alivuta wa kushoto mpaka mshono ukalia, ukakataa tu. Basi akachukua kisu cha kukatia theluji akachana koti chini ya kwapa zote mbili, mikono ikaingia kifuani, akakaa hivyo siku nne. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umechelewa. Nesi ameviondoa vidole viwili, cha mwisho na kinachofuata.

Hapigi kelele. Hata anacheka. Amesema nikuandikie hivi: "Mwambie Mkwe koti lake lilinibana kama alivyonibana yeye nilipokuja kumposa binti yake." Nesi anadhani ni homa.

Umetaka nikugombeze. Nilijaribu jana, nikiwa peke yangu, kwa sauti. Nilianza, "Wewe Aluki," nikaona uso wa mama yangu, nikalia. Siwezi.

Koti nimelifunga kwenye kifurushi hiki. Nilitaka kulishona mwenyewe, Jusipi akaninyang'anya. Anasema aliyelishona ndiye atakayelitengeneza, na la ngozi hataki kulivaa wala kuliona. Hewa ni nzuri sasa, sili wapo, na wenzake wametoka. Yeye amekaa ndani anangoja.

Binti yako,
Meeka

*

Montreal, 17 Machi 1969

Kwako mwanangu Meeka,

Marahaba.

Umeniamkia barua zote hizi na sikukuitikia hata mara moja. Marahaba kwa zote. Mkono wa Jusipi unaendeleaje? Ukaushwe vizuri, usikae karibu na jiko.

Kifurushi nilikifungua peke yangu. Niliingiza mkono pale alipochana kwa kisu, nikakaa hivyo kitambo kirefu, nikalia mpaka nikachoka. Halafu nikachukua sindano.

Mabega nimeyafumua yote. Nimeongeza sufu kila upande upana wa kiganja, na chini ya kwapa nimeweka vipande vipana kama vile vya kwenye makoti yako. Michano ya kisu sikuificha. Nimeizungushia uzi mwekundu unaofuatana na utepe wa pindo, na akiinua mikono itaonekana. Dukani atalazimika kuinua mikono, mwambie. Bi. Lafleur alilitazama akasema, "Aluki, umeliharibu umbo." Nikamwambia linakwenda kwa mtu mwenye vidole vinane. Akaniuliza kile kipande cha kwapa kinakatwaje, nikamwonyesha.

Uliniambia zamani kwamba bibi hakumpa mtu koti kabla ya kulivaa mwenyewe na kukaa nalo nje. Basi juzi theluji ilikuwa inaanguka, nikalivaa, nikaenda uani nyuma ya bweni, nikavuta mikono yote miwili ndani. Iliingia kwa mara moja. Nikakaa chini kwenye theluji. Denise akafungua dirisha.

"Aluki! Umepatwa na nini?"

"Napima koti la mkwe wangu."

Akacheka, na wenzake wakaja dirishani wakacheka. Nikawaacha. Nilikaa mpaka kofia ikawa nyeupe na suruali ikalowa, na mikono yangu ilikuwa kifuani, ina joto.

Mwambie Jusipi alivae, aende. La ngozi alifunge juu ya sleji, na asiseme mkwe atajisikiaje, mkwe ndiye aliyesema.

Na wewe, Meeka, nisikilize. Ukiona nimekosea, uniambie siku hiyohiyo, kwa sauti, kwa hasira ukitaka. Usiseme huwezi. Mimi ni mama yako na ninakuagiza.

Kwenye bahasha andika kama zamani.

Mama yako,
Aluki