Boksi la Rehema

Jumatatu, 3 Machi
Watoto saba tena sebuleni kwangu. Shule zimewakataa kwa kukosa karatasi za ukaazi, basi kochi langu ndilo linaumia. Somo: nyumba na hali ya hewa. Eish, joto la leo. Kazi: kila mtu atengeneze nyumba, aeleze inazuia nini.

Jumatano, 5 Machi
Wameleta. Hema, tembe, nyumba ya barafu ya pamba. Rehema wa ghorofa ya nne kaleta boksi la viatu. Ndani mapazia ya kitenge na vitanda kumi na vinne vya viberiti. Chumba chao chenyewe. Nikamuuliza mbele ya wenzake, hii nyumba ama kabati? Wakacheka. Nikacheka nami. Akaeleza tu: dirisha iko moja, upande wa Mama Chantal wanayeishi naye humo, kwa hiyo mchana wanakaa pale kwa zamu. Hakuna aliyejibu vizuri kama yeye. Iliniudhi.

Hata hivyo nikapiga picha boksi lake, nikaiweka stetasi ya WhatsApp. Kazi za wanafunzi wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Sifa tele. Hata pasta kaandika. Kati ya walioiona, msimamizi wa jengo. Sheria yake watu sita kwa chumba, hana mchezo. Ningeweza kuifuta. Sikuifuta. Nilitaka wengine waone.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi msimamizi kabadilisha kufuli ya chumba chao. Watu kumi na wanne na magodoro barabarani, mvua inanyesha. Kawaambia mtoto wao ndiye aliyemwonyesha vitanda. Picha hakuitaja. Mama Rehema akamchapa binti palepale, kwa kandambili. Niliona yote dirishani.

Baadaye mama huyo akapanda kwangu. "Dada, utupokee hata sebuleni, siku mbili tu." Nikasema sebule ni darasa. Kweli ni darasa. Na sitaki msimamizi anigeukie mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Rehema kaja peke yake, sketi imelowa. Wanalala kwenye veranda ya duka. Alikaa sakafuni asiloweshe kochi. Sikumwambia apande.

Wenzake walipoondoka akauliza kama ni boksi lake lililowatoa chumbani. Ningeweza kusema ni picha yangu. Nikasema ndiyo, siku nyingine usionyeshe watu mambo ya kwenu.

Akasema, "Unisamehe, Mwalimu. Nimekuharibia somo."

Nikamwambia nimemsamehe.