Dawa ya Nyanya

Tskaltubo, 2 Mei 1994

Tsiala, baba yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, magoti tu yananung'unika. Wewe je? Mkate mnapata huko Tbilisi?

Banda la nyanya limevamiwa. Majani yana madoa meusi, na sasa hata matunda machanga yameanza. Nimenyunyiza dawa ya mrututu mpaka majani yakawa ya buluu, wapi. Jirani yetu Guram ameng'oa zake zote. Ananiambia, "Varlam, panda mahindi, acha kuomboleza mboga." Lakini sina kingine cha kunivusha msimu wa baridi. Nakutumia majani ndani ya gazeti, wewe binti yangu uliyesomea vijidudu. Simu imekufa, kwa hiyo barua analeta Murtazi, dereva wa basi.

Baba

Tbilisi, 9 Mei 1994

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, na mkate tunapanga foleni lakini tunapata. Pole na nyanya.

Adui yako nimemwona, ni bakteria. Nimempata na mlaji wake pia, faji, kidudu kidogo kuliko bakteria, kinachomwingia na kumpasua. Nakutumia chupa tatu kwa Murtazi. Mrututu acha, unaua faji. Jua nalo linaziua, basi nyunyiza jioni, na chupa uziweke kwenye baridi. Usiogope kuigusa dawa hii, hata ukiinywa haikudhuru.

Unakumbuka marehemu Mama alivyoninywesha faji za duka la dawa nikiumwa tumbo? Ulikuwa unaonja wewe kwanza na kusema ni tamu.

Binti yako,
Tsiala

Tskaltubo, 3 Juni 1994

Tsiala, baba yangu,

Natumaini hujambo. Furahi: majani mapya yametoka safi. Guram amekuja kuchungulia, akasema, "Mzee, umeiba banda la nani?" Nimecheka mpaka nikakohoa.

Chupa iliyobaki nimeitia kwenye ndoo na kuining'iniza kisimani. Imenifaa. Waya wa banda ulinichana mguu, umevimba, wekundu umepanda hadi gotini, na jua lote hili mimi natetemeka. Usihangaike. Naosha kidonda kwa dawa yako, na asubuhi nakunywa kijiko kimoja. Si tamu, nakiri leo. Guram alitaka kunipakia kwenye trekta anipeleke hospitali, nikamwambia daktari wangu yuko Tbilisi.

Baba

Tbilisi, 7 Juni 1994

Baba,

Nisamehe sikusalimu. Basi lilikwama njiani, barua yako nimeipata sasa hivi, naandikia gotini hapa kituoni.

Hiyo dawa haitakusaidia. Kila faji ina bakteria wake. Hii inakula ugonjwa wa nyanya tu, kidonda chako haikioni kabisa. Nilisema haidhuru, sikusema inaponya mtu. Panda trekta la Guram leo, wakuchome sindano. Ukikataa, akubebe, hata ukimtukana.

Murtazi amejaza watu mpaka mlangoni, anaondoka. Mimi napanda treni ya usiku. Usinywe tena, Baba.

Tsiala

Tskaltubo, siku yako ya arobaini

Baba,

Barua yangu niliikuta juu ya mto wako, haijafunguliwa. Guram anasema ilifika ukiwa hutambui mtu. Alikupakia kwenye trekta bila kukuuliza. Hukumtukana, na hapo ndipo alipoogopa.

Leo tumekuandalia meza kaburini: mkate, maharage, divai tuliyomwaga kidogo udongoni. Nyanya zote ni zako. Nimezipanga mwenyewe, nikazigeuzageuza kutafuta doa, sikuona hata moja. Wanawake wananiuliza dawa ile inapatikana wapi. Guram alichukua nyanya moja, akaishika muda mrefu, akairudisha.

Asubuhi nilivuta ndoo kisimani. Chupa ilikuwa nusu, na kijiko umekifunga shingoni mwake kwa uzi.

Watu walipozidi, viti havikutosha. Guram akamwita binti yake, kama baba wote wa kwetu wanavyowaita watoto wao: "Baba, leta kiti."

Nikageuka mimi.

Tsiala, baba yako