Mama Mkwe Amerudi, Kadungwa Pajani

Kakuma

Mama Akai wangu,

Ejok, hujambo? Mbuzi, samaki na magoti yako yanaendeleaje? Mimi bado nina meno manne na yote yako kazini. Nimeandika, dereva wa lori la samaki akufikishie hapo Kalokol na katekista akusomee, kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize hata salamu. Mwambie katekista asiruke matusi.

Binti yetu Akai amejifungua msichana. Ngoja, usipige vigelegele bado, kaa chini. Kliniki walipompima damu akiwa mjamzito walimkuta na ugonjwa wa ini, ule wa hepataitisi B. Hajalogwa, wala hakufanya ubaya. Sista Halima, muuguzi wa hapa, alituambia mapema kwamba mtoto anaweza kuupata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, ukamla ini ukubwani. Lakini akidungwa chanjo siku ileile, na zingine zikafuata, watoto wengi sana hukingika.

Hapa Kakuma chanjo haikuwepo. Akai alipoanza uchungu, Sista akapiga simu Lodwar. Chanjo ikaja ndani ya kisanduku cha barafu, dereva amekipakata kama amebeba askofu. Mtoto alizaliwa alfajiri, chanjo ikafika mchana, na hapo ndipo mimi nikaharibu. Nilikuwa nimeingia na mkebe wa mafuta ya mbuzi, nikampaka mapaja yote kama tunavyofanya nyumbani.

"Nani amekaanga huyu mtoto?" Sista akauliza.

Nikaficha mkebe nyuma. "Labda amezaliwa hivyo."

"Mzee! Nilikuwa nimemwosha damu yote ya mama, ngozi iwe safi kabla ya sindano. Sasa naanza upya."

Akamwosha tena. Aliposhika sindano nikasimama katikati. Nikamwambia Sista kwamba mtoto ambaye ukoo haujamwita jina hadungwi. Akiondoka bila jina, nani atajua kumrudisha? Sikuwa natania. Unamkumbuka yule wetu wa kwanza, aliyekwenda kabla hajapata jina.

Sista hakunikaripia. "Jina naweza kulingoja, mzee, lakini hii dawa ni ya leo. Huwa mnaitaje?"

"Anawekwa titini, tunaita majina ya wazee wetu. Jina atakalolinyonyea ndilo lake."

Akacheka. "Na mimi nataka anyonye nikimdunga, asisikie uchungu sana. Basi ita. Ita haraka!"

Akai akauliza kwa sauti ndogo kama kweli anaruhusiwa kunyonyesha na ugonjwa wake.

"Nyonyesha, mama. Maziwa hayana shida."

Nikaita mama yangu. Mtoto akageuza uso. Nikaita shangazi, akafunga mdomo. Nikaita hata yule nyanya tajiri wa ngamia, wapi! Sista amesimama, sindano mkononi.

"Baba," Akai akasema, "kuna mmoja hujamwita."

Nilijua. Mama yako, aliyewaambia watu wote nina miguu ya korongo. Nikaita kwa shida, "Napeyok." Mtoto akadaka titi kama amekuja na njaa ya kiangazi chote! Sindano ikaingia pajani. Akakunja uso, akanitazama mimi, si Sista, kwa jicho lilelile la mama yako, na titi hakuliachia.

Sista alikaa karibu akimwangalia mpaka akaridhika. Akai amepewa tarehe za chanjo zilizobaki, na ameniapia hataruka hata moja. Tumeambiwa nyumba yote ipimwe. Mimi nimepimwa, sina, ila nililia kuliko mjukuu. Nenda kituo cha afya hapo Kalokol nawe upimwe, na usimbishie muuguzi kama unavyonibishia mimi.

Mungu amenipa zaidi ya nilivyoomba, na yule Sista wetu Msomali pamoja na dereva wa Lodwar nawaombea hata nikisahau kujiombea.

Nisalimie kaka yako mvuvi, umwambie mama yake amerudi. Nisalimie dada yangu mkubwa, umfiche mkebe wa mafuta mpaka chanjo ziishe. Mama yako hakunipa hata mkono mpaka tukamzika. Sasa kila asubuhi nampakata, ananikojolea, kisha analala kifuani kwangu.

Ni mimi mumeo, mwenye miguu ya korongo,
Lokwang